Sakafu ya mbao nyeupe haibaki nyeupe: mambo ya kujua kabla ya kutandika zulia

Anayeweka sakafu ya mbao nyeupe kwa mara ya kwanza huogopa mikwaruzo na maji. Ni hofu za haki, lakini jambo linalompata kwanza huwa jingine kabisa. Miezi kadhaa baada ya fundi kuondoka, siku ya usafi mkubwa kabla ya Idi au Krismasi, zulia linakunjwa, kochi linasogezwa, na chini yake panaonekana mraba mweupe wenye kingo zilizonyooka, huku sakafu nyingine yote imegeuka rangi ya asali. Mwenye nyumba anadhani zulia limekula vanishi. Anampigia fundi simu kwa hasira. Kumbe zulia halijafanya lolote. Pale chini yake ndipo palipobaki kama siku ya kwanza. Kilichobadilika ni kila sehemu isiyofunikwa.

Hili lingeweza kuelezwa dukani kabla mtu hajalipa. Mara nyingi halielezwi, kwa sababu muuzaji anauza rangi ya leo. Kwa hiyo nitafuata maisha ya sakafu yenyewe, kuanzia kuchagua mbao mpaka siku ya kupigwa msasa upya, maana kila hatua ina kosa lake na karibu makosa yote yanazuilika kwa gharama ndogo yakijulikana mapema. Mbao ninazozizungumzia ni zile zinazotoka kiwandani zikiwa na rangi ya maziwa, ya nyasi kavu au ya njano hafifu: mwaloni mweupe, ashi, mepo (ule mti ambao jani lake liko kwenye bendera ya Kanada), bichi, na kwa huku kwetu paini na saiprasi.

Kwanza, kwa nini zinabadilika. Ubao una selulosi, ambayo ni nyuzi zenyewe, na una lignini, inayozishika nyuzi zisiachane. Katika mbao laini kama paini, lignini ni kati ya robo na theluthi ya uzito. Katika mbao ngumu za nchi za baridi hupungua kidogo. Lignini ndiyo inayonyonya mionzi ya urujuanimno (UV, ile ya jua isiyoonekana kwa macho) na sehemu ya mwanga wa zambarau na buluu. Ikinyonya inavunjika, na vitu vinavyotokana na kuvunjika kwake ni vya njano. Gazeti lililosahauliwa juani hugeuka manjano kwa sababu hiyo hiyo: karatasi yake ya bei nafuu husagwa pamoja na lignini ya mti, wakati karatasi ya vitabu vizuri huondolewa lignini kiwandani. Mbali na lignini, kila mti una mafuta, utomvu na tanini (kile kinacholeta ukakasi kwenye chai) zake, nazo hugeuka kwa namna yake. Ndiyo maana ashi na paini zilizolazwa chumba kimoja siku moja hazifiki rangi moja.

Kioo cha dirisha hakiokoi. Kioo cha kawaida huzuia sehemu kubwa ya mionzi mikali zaidi, ile inayochoma ngozi, lakini hupitisha kwa wingi mionzi mirefu ya urujuanimno na mwanga wote unaoonekana, na hivyo vinatosha kuibadilisha sakafu. Wala si lazima jua liiguse. Mwanga uliotawanyika chumbani, hata wa siku ya mawingu, unafanya kazi ile ile polepole.

Habari njema ni kwamba mabadiliko haya ni ya juujuu sana. Mionzi ya urujuanimno huingia ndani ya mbao kiasi cha sehemu ya kumi ya milimita tu au pungufu, na mwanga unaoonekana huishia kama sehemu moja ya tano ya milimita. Chini ya hapo mbao ni ile ile ya siku ya kwanza. Kumbuka jambo hili, tutalihitaji mwishoni.

Mhusika wa pili ni vanishi, na hapa watu wengi huchanganya mambo mawili. Vanishi za mafuta na poliyurethani (vanishi yenye plastiki) za mafuta, zile za kuchanganya na thina au tapentaini, zina rangi ya kaharabu tangu kopo linapofunguliwa, na zinaendelea kuwa njano kadiri miaka inavyopita. Tena zina tabia ya kushangaza: tabaka lenye mafuta ya linsidi (ya mbegu za kitani) huwa njano zaidi gizani kuliko kwenye mwanga. Ndiyo maana ndani ya kabati la ukutani, ambako jua halijawahi kufika, sakafu nyeupe iliyopakwa vanishi ya mafuta inaweza kukutwa imegeuka njano. Poliyurethani ya maji hukauka ikiwa wazi na hubaki wazi kwa miaka mingi. Lakini uwazi huo si kinga. Vanishi ya maji haiongezi unjano wake. Haizuii unjano wa mbao. Anayenunua vanishi ya maji ya bei ghali akidhani amenunua weupe wa kudumu atasikitika, na muuzaji aliyemwambia hivyo hakumtendea haki.

Zipo pia vanishi zilizotiwa viambato vya kunyonya urujuanimno. Zinasaidia kuchelewesha. Vivyo hivyo plastiki nyembamba za kubandika kwenye vioo vya madirisha: nzuri kati yake huzuia hadi asilimia 99 ya urujuanimno, na kwa chumba chenye vioo vikubwa ni fedha iliyotumika vizuri, lakini mwanga unaoonekana bado unapita na sakafu bado itasogea. Yeyote anayeahidi kuzuia kabisa, usimlipe.

Sasa dukani. Sampuli iliyobandikwa ukutani huenda ina mwaka mzima au zaidi ikipigwa na taa na mwanga wa mlangoni. Boksi utakalofungua nyumbani lilikuwa limefungwa gizani. Mbao hizo mbili zimetoka kiwanda kimoja, na hazitafanana. Kwa hiyo omba kuona vyote viwili: sampuli ya zamani, na ubao uliotolewa kwenye boksi mbele yako. Ukiipenda rangi ya ubao mpya tu na ile ya zamani huipendi, usiinunue mbao hiyo. Rangi ya siku ya kwanza ndiyo utakayoishi nayo kwa muda mfupi kuliko zote.

Kwa kawaida zinakwenda hivi. Mepo hutoka nyeupe ya maziwa na kuelekea njano ya siagi. Kwa kuwa haina mistari mikubwa, kila tofauti inaonekana, na mraba wa zulia juu yake ni mkali kuliko juu ya mbao nyingine nyeupe. Ashi huelekea rangi ya nyasi kavu, kahawia hafifu. Bichi iliyopitishwa kwenye mvuke huwa na uwaridi kidogo, nao hupotea na kuacha rangi ya asali. Mwaloni mweupe ndio mstahimilivu zaidi wa kundi hili. Unasogea, lakini mistari yake mingi huficha, na kama mtu hana subira na mambo haya, huo ndio ningemshauri. Saiprasi huelekea kaharabu. Paini ndiyo inayokwenda mbali kuliko zote: kutoka nyeupe ya unga mpaka rangi ya chungwa, na kiini cha mti hugeuka zaidi kuliko sehemu ya nje, hivyo ubao mmoja unaweza kuwa na rangi mbili.

Paini inastahili maneno zaidi kwa sababu ndiyo mbao nyeupe iliyo karibu na mfuko wa watu wengi. Tanzania hupata nyingi kutoka mashamba ya Sao Hill, Mufindi, ambako mti mkuu uliopandwa ni paini ya asili ya Meksiko. Kabla ya kulipa tazama mambo mawili. La kwanza ni ubuluu. Paini iliyopasuliwa na kulundikwa ikiwa mbichi, unyevu wake ukiwa juu ya asilimia 20 au hivi, hushambuliwa na kuvu inayoacha michirizi ya buluu na kijivu kwenye sehemu ya nje ya mti. Kuvu hiyo haiozeshi mbao, lakini rangi yake huzama ndani sana na msasa hauitoi. Fundi atakayekwambia "tutapiga msasa itatoka" hajawahi kujaribu. La pili ni utomvu kwenye vifundo: usipozibwa kwa shelaki (vanishi ya kuyeyushwa kwa spiriti) kabla ya vanishi yenyewe, hutoka baadaye na kuacha duara la njano.

Watu wa Denmaki na nchi jirani zake, ambao wamekaa na sakafu za paini na miti ya jamii yake kwa karne nyingi, wana dawa yao. Mbao tupu iliyopigwa msasa hupakwa maji ya magadi makali yaliyochanganywa na rangi nyeupe kidogo, huachwa yakauke, kisha sakafu huoshwa mara kadhaa kwa sabuni nyeupe ya mafuta badala ya kupakwa vanishi, au hupakwa mafuta yenye rangi nyeupe. Magadi huibadilisha ngozi ya juu ya mbao na kuchelewesha sana ule uchungwa. Matokeo ni mazuri kweli kweli. Ila ujue unachojifunga nacho: sakafu ya sabuni inaoshwa kwa sabuni ile ile maisha yake yote, inanyonya kila doa la mchuzi, na dawa yenyewe inachoma ngozi na macho, kwa hiyo glavu ndefu na miwani si hiari. Kwa nyumba yenye watoto wadogo wanaokula wakiwa sakafuni, mimi ningechagua vanishi ya maji na kukubali unjano.

Na tahadhari moja kuhusu mvule. Nyumba nyingi za zamani za mijini zina parketi ya mbao ngumu za kwetu, na kati yake imo mvule. Mvule uliopigwa msasa leo ni wa njano kabisa, na mtu anaweza kuuona akasema hii ndiyo sakafu nyeupe niliyokuwa naitafuta. Sivyo. Mwanga utaurudisha kwenye kahawia ya dhahabu, na hautachukua miaka. Mafundi wa kupiga msasa wamegombezwa sana kwa hili pia kwa upande wa pili: mwenye nyumba anatoka kazini, anakuta parketi yake ya kahawia imekuwa njano, anaamini imeharibiwa. Mtiki nao ukitoka kwenye mashine huwa na mabaka ya kijani na ya giza, kisha hutulia na kuwa wa dhahabu baada ya wiki chache za mwanga. Fundi mwenye busara huyasema haya kabla ya kuwasha mashine, si baada.

Kipo kipimo ambacho kila mnunuzi anaweza kukifanya mwenyewe, na ni bure. Omba mabaki mawili ya kila mbao unayoifikiria, yenye urefu wa kama sentimita 30. Yapige msasa mpaka namba 120, kisha kipande kimoja kipake vanishi ya maji na cha pili ya mafuta, matabaka yale yale utakayotumia nyumbani. Yakikauka, funga nusu ya kila kipande kwa karatasi ya foili ya jikoni, ibane vizuri mwanga usipenye pembeni, andika tarehe nyuma. Weka vipande kwenye dirisha la mashariki au la magharibi la chumba kitakachowekwa sakafu hiyo, na usivifungue kabla ya wiki sita. Ukiondoa foili utauona mraba wa zulia lako la baadaye kabla hujautengeneza. Nusu iliyo wazi ndiyo sakafu yako halisi. Anayejenga ana miezi ya kusubiri plasta na rangi. Wiki sita zinapatikana.

Nimesema mashariki au magharibi kwa makusudi. Maelekezo mengi ya sakafu yameandikwa Ulaya na Marekani, nayo huonya juu ya madirisha ya kusini, kwa kuwa kule jua la mchana liko kusini siku zote. Kwetu sivyo. Nairobi iko digrii moja tu kusini mwa ikweta na Dar es Salaam karibu saba. Saa sita mchana jua liko juu ya paa, likiegemea kaskazini Juni na kusini Desemba, na ukingo wa paa wa sentimita 80 hulizuia vizuri. Linaloingia mpaka katikati ya sebule ni jua la asubuhi na la alasiri. Kwa hiyo chumba kinachotazama magharibi bila kibaraza ndicho kitakachokuwa na utepe wa rangi nyingine chini ya dirisha, na ndicho cha kwanza kuwekewa pazia jepesi, plastiki ya kioo, au hata mti nje.

Wakati wa kulaza mbao, fungua maboksi matatu au manne kwa pamoja na uchanganye. Fundi anayemaliza boksi moja ndipo afungue jingine hutengeneza mabaka, kwa sababu hakuna maboksi mawili yenye rangi sawa, na mwanga hautazisawazisha zote. Nunua ziada ya asilimia 10, na kwa mtindo wa mfupa wa samaki asilimia 15. Mbao zilizofunguliwa zisilale siku nyingi zimepandana nusunusu kwenye chumba chenye jua; sehemu iliyo wazi inaanza kugeuka, na ukishalaza utaona mistari usiyoielewa imetoka wapi.

Kosa baya zaidi la hatua hii hutokea baada ya sakafu kukamilika na kazi nyingine zikiwa bado zinaendelea. Fundi wa rangi anakuja, anatandika nailoni kwenye njia anayopita, anaiacha wiki tatu. Nailoni ikitolewa, njia yake inaonekana mpaka mlangoni. Kanuni ni rahisi: ama ufunike sakafu yote ukuta hadi ukuta, ama usifunike kabisa. Tumia karatasi nzito inayopumua, si nailoni, kwa sababu vanishi mpya bado inatoa mvuke. Gundisha karatasi kwa karatasi. Gundi ya utepe isiguse vanishi, kwani utepe unaweza kuondoka nayo. Na kama kazi imebaki ndefu, ni bora sakafu isubiri.

Kuhusu vanishi inayopakwa nyumbani, hesabu ni hii. Lita moja ya poliyurethani ya maji hufunika kama mita 10 za mraba kwa tabaka moja. Sebule ya mita 4 kwa 5 ni mita 20, kwa hiyo lita 2 kwa tabaka, na matabaka matatu ni lita 6. Inakauka haraka, saa mbili hadi nne unaweza kupaka tena, lakini inahitaji kama wiki moja kukomaa. Ya mafuta inataka usiku mzima kati ya tabaka na tabaka, na kukomaa kwake ni hadi mwezi. Kabla ya muda huo zulia lisitandikwe hata kama sakafu inaonekana kavu. Kati ya matabaka sugua kwa msasa laini wa namba 220, kamwe usitumie stilwaya ile ya kusugulia masufuria. Vipande vyake visivyoonekana hubaki kwenye vinyweleo vya mbao, na vanishi ya maji ikija juu vinapata kutu. Mwaloni una tanini nyingi. Tanini ikikutana na chuma na maji huzaa rangi nyeusi ya wino. Sakafu nzima huota vitone vyeusi usiku mmoja.

Ukitaka kujua mapema ubao mtupu utakuwa na rangi gani chini ya vanishi, upanguse kwa kitambaa chenye tapentaini. Rangi utakayoiona kabla haijakauka ni karibu sana na ile ya chini ya vanishi. Wanaotaka ule mwonekano wa mbao kavu isiyopakwa kitu hutumia vanishi au mafuta yenye rangi nyeupe kidogo sana ndani yake. Inasaidia kweli, na ndiyo njia ninayoiamini zaidi kwa ashi na mwaloni, kwa sababu weupe huo hupunguza makali ya unjano unaokuja. Ukizidisha, sakafu inakuwa na uso wa chokaa na nyayo zinaonekana.

Miezi sita ya kwanza ndiyo inayoamua. Mabadiliko huenda kasi mwanzoni kisha hupungua. Sehemu kubwa ya safari huishia ndani ya mwaka. Katika muda huo iache sakafu uchi kadiri unavyoweza. Samani zenye miguu mirefu hazina neno, mwanga unapita chini yake. Zulia, jamvi, godoro la wageni linalolala sehemu moja, boksi la televisheni lililoegemezwa ukutani na kusahauliwa, vyote vitaandika umbo lake. Mswala unaokunjwa kila baada ya swala hauachi alama; ule unaobaki umetandikwa mchana kutwa unaacha. Kama zulia ni lazima, lisogeze sentimita 20 au 30 kila baada ya wiki mbili tatu. Halitazuia tofauti, ila ukingo utakuwa wa kufifia badala ya mstari, na jicho halikamati kitu kinachofifia. Chini yake weka kitambaa cha fulti. Mazulia yenye mgongo wa mpira au plastiki yana shida yake tofauti: kemikali zake huingia kwenye vanishi na kuacha doa la njano ambalo mwanga hautalisawazisha.

Na aliyekwisha kukuta mraba? Asiite mtu wa mashine. Aondoe zulia, afungue mapazia, asubiri. Sehemu nyeupe nayo sasa iko kwenye ile kasi ya mwanzo, wakati sehemu iliyotangulia imeshapunguza mwendo, kwa hiyo inakimbiza na kukaribia. Ukilihamishia zulia juu ya sehemu iliyogeuka unaharakisha kulingana kwake. Baada ya miezi michache tofauti kubwa huwa imekwisha. Kivuli hafifu kinaweza kubaki kwa mwaka au zaidi. Jambo lisilofaa kabisa ni kujaribu kurekebisha mraba peke yake kwa msasa na vanishi yenye rangi. Rangi uliyoipaka haitasogea, mbao zilizoizunguka zitasogea, na baada ya mwaka utakuwa na mraba wa kudumu. Hapo ndipo gharama inapokuja, kwa kuwa dawa iliyobaki ni kupiga msasa chumba kizima: kuhamisha samani zote, siku ya mashine, siku mbili za vanishi, lita sita zile zile, na wiki ya kungoja.

Si kila badiliko ni la mwanga. Njano na chungwa vinatokana na mwanga au vanishi ya mafuta. Kijivu ndani ya nyumba karibu kila mara ni maji na uchafu: vanishi imeisha kwenye njia ya kupitia, dekio lililolowa linapita kila siku, na mbao inakunywa maji machafu. Piga deki kwa kitambaa kilichokamuliwa mpaka kisidondoke, na pakaza tabaka jipya la vanishi kabla ile ya zamani haijatoboka, kwa kuwa kijivu kikishazama hakuna tabaka la kukificha. Nyeusi kwenye mwaloni, hasa kuzunguka misumari au chini ya mguu wa chungu cha maua, ni chuma na tanini. Hiyo hutoka kwa asidi ya oksaliki, baada ya vanishi kuondolewa: gramu 50 hadi 100 kwa lita moja ya maji ya moto, ndani ya chombo cha plastiki, ipakwe kwenye ubao mzima ili kusiwe na duara, iachwe dakika 15 hadi 20, isuuzwe vizuri, ipitishwe maji yenye soda ya kuokea, isuuzwe tena na ikauke kabisa kabla ya msasa. Ni sumu, na vumbi lake linachoma pua. Vaa barakoa na glavu. Maji ya klorini ya kufulia, ambayo wengi hukimbilia, hayaondoi rangi hiyo na yanakula vanishi. Dawa za kusafishia zenye amonia zisiguse sakafu ya mwaloni hata kidogo, kwa sababu amonia huigeuza tanini kuwa kahawia. Nta nyekundu ya sakafu za saruji nayo ibaki kwenye saruji. Ikiingia kwenye viungo vya mbao nyeupe haitoki, na vanishi haishiki juu ya nta.

Msimu wa ukavu kwenye nyanda za juu huleta kitu kingine kinachoshtua. Mbao husinyaa, viungo hufunguka kidogo, na ule ulimi uliokuwa umejificha ndani ya mfuo unaonekana: mstari mweupe kati ya mbao za asali. Usizibe kwa lipu ya rangi. Mvua zikirudi mbao zitavimba na kuisukuma lipu nje, na mstari wenyewe utakuwa umefichika tena.

Siku ya msasa mkubwa ikifika, ile sehemu moja ya tano ya milimita inakuwa faida. Mashine ikiondoa nusu milimita tu umeirudia rangi ya siku ya kwanza, kwa hiyo hakuna sababu ya kuanza na msasa mkali wa namba 24 kama sakafu haijapinda. Anza na 40 au 60, kisha 80, kisha 100 au 120, bila kuruka namba, maana mikwaruzo ya namba iliyorukwa huonekana wazi chini ya vanishi kwenye mbao nyeupe. Kabla ya hapo pima unene wa tabaka la juu kwenye ukingo wa mlango au chini ya kizingiti. Ubao mzima una nafasi ya mara kadhaa. Ule wa kuunganishwa wenye tabaka la milimita 4 unavumilia mara mbili au tatu, wa milimita 2 mara moja kwa mkono mwepesi, na wenye ngozi ya chini ya milimita moja haupigwi mashine kamwe, utatoboka.

Baada ya msasa saa inaanza upya, miezi sita ile ile bila zulia. Na zile mbao za ziada zilizobaki stoo, zitoe kwenye boksi. Zipange zikitazama juu mahali panapopata mwanga, juu ya kabati karibu na dirisha panatosha, ili zizeeke pamoja na wenzake walioko sakafuni. Bomba likipasuka na mbao tatu zikaharibika katikati ya sebule, utakuwa na mbao tatu zenye rangi ya kukaribiana na zile zilizobaki.